Lita Arobaini

Zamu yangu huanza saa kumi na mbili jioni:
chumba kimoja juu ya gati la Kirumba,
redio ya upepo, daftari,
birika lenye mpini wa waya.

Jumatatu sauti ilikuja na mchanga ndani yake.
"Hapa Tungaraza, nahodha wa Tupendane ya Pili.
Injini imekata roho, Kome tunaiona kwa mbali.
Tuko kumi na moja. Tunaelea."
Nikaandika: wanaelea.

Nikampigia mwenye boti ya uokoaji.
Boti ni ya mkoa, akasema, mafuta ni ya halmashauri.
Nikapiga halmashauri. Mafuta yapo,
lita arobaini, stoo,
na ufunguo anao mtu wa wale waliotoka.
Sisi tulioingia hatuwezi kumwomba,
tutaonekana tumekiri.

Kukiri nini, sikuuliza.

Usiku huohuo, habari za dunia:
wanaanga watatu wamekwama juu.
Walikwenda kwa wiki mbili, huu mwezi wa saba.
Chombo cha kuwashusha kipo, kimepakwa rangi, kimesimama,
na wakubwa wa kwao wanagombana nani aliwasahau.
Ni waliotutangulia, wanasema hawa.
Tulitaka, mkatuzuia, wanasema wale.
Nikapunguza sauti.
Nilidhani bado niko kwenye simu.

Jumanne, giza likianza, Tungaraza akauliza:
"Wamesemaje?"
Sikuwa na la kumwambia, nikampa la angani.
Akanyamaza. Maji yalisikika yakigonga mbao.
"Wana chakula?"
Wanacho.
"Na choo?"
Kipo, cha kufyonza.
"Basi hao wako hotelini. Sisi tunatafuna dagaa wa watu, wabichi."
Nyuma yake watu walicheka, mmoja akakohoa.
"Waulize, kutoka huko, wanatuona?"

Nilitoka nje kutazama.
Saa moja na dakika kumi na nne,
kama mtangazaji alivyoahidi,
nuru ilichomoza upande wa Kome,
haikupepesa, haikufanya haraka,
ikapita juu ya paa langu, ikazama Nyakato.
Nikafikiri: imeanza kupita juu yao.
Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jumatano mheshimiwa alihojiwa redio ya mjini,
na mheshimiwa wa pili akapiga simu.
Walibishana dakika hamsini
boti ilinunuliwa awamu ya nani.
Kipindi kililetwa kwenu na wauza magodoro.
Neno mafuta halikutajwa.

Jioni alikuja Nyanjige wa Mwaloni.
Hakuja na huruma, alikuja na hesabu:
"Gunia zangu sitini zinaoza mle ndani."
Nyuma yake wanawake saba, kila mmoja na dumu
lililokuwa la mafuta ya kupikia.
Wakapima mbele yangu, kwa kikombe changu cha chai.
"Andika," akasema. "Arobaini na mbili.
Na hizo mbili za ziada uziandike vizuri."

Waliletwa Alhamisi alfajiri. Kumi.

Mugeta, mpakuaji, miaka kumi na tisa,
Jumanne usiku aliona taa inakuja.
"Ndio hao," akasema, akavua shati.
Walimwita. Alikuwa mwogeleaji mzuri,
hilo kila mtu alilirudia, kama vile lingesaidia.

Gatini palikuwa na vitambaa viwili, rangi mbili,
vyote vimeandikwa KARIBUNI NYUMBANI,
na ugomvi kipi kianze kupigwa picha.
Tungaraza alipita katikati, blanketi begani.
Akapanda ngazi hadi kwangu,
akatazama redio muda mrefu.
"Wale je?"
Bado, nikasema.

Hakujibu. Alikunywa chai yangu yote,
kwa kikombe kilichokuwa bado kinanuka petroli.

Leo nimeandika hivi daftarini:
Saa moja na dakika ishirini na mbili. Mawingu kidogo.
Nuru imepita. Watu watatu. Bado.
Mstari wa chini yake
nimeuacha wazi.